Poirot likizoni: uanze na mto au kisiwa?

Kati ya hizi riwaya mbili za Agatha Christie zenye mpelelezi wake Poirot, Death on the Nile (1937) na Evil Under the Sun (1941), mimi nasema anza na ya kisiwa. Ya Nile tamu sana, sikatai, meli inapanda mto huko Misri, watu wanashuka Abu Simbel kuangalia yale masanamu makubwa, mara jiwe linaporomoka toka juu nusura limponde bibi harusi tajiri aliye fungate, na baadaye anapigwa risasi ya kichwa amelala. Ina mapenzi na wivu mpaka inauma. Ila abiria wengi jamani, mwanzoni majina yanakuchanganya.

Kisiwani ni hoteli moja tu, pwani ya Devon, Uingereza, bahari ikijaa njia ya kuvukia inafunikwa na maji, kwa hiyo muuaji ni mmoja wa wageni humohumo. Kuna pale Poirot anawatazama watu wamelala wanaota jua, anawaona kama miili tu, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Shika hicho kipande vizuri, soma polepole, na kila saa inayotajwa iandike pembeni.