Safed, Galilaya: mji wa kulala, sio wa kupita tu

Mahujaji wengi wakifika Galilaya wanaishia Tiberia na Kapernaumu halafu haooo Yerusalemu, Safed wanaiona tu kule juu mlimani, na kwa kweli wanakosa kitu kikubwa. Mji uko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari wakati Tiberia iko chini ya usawa huo, kwa hiyo ukitoka kwenye lile joto la ziwani ukipanda huku unapumua kabisa. Ukienda miezi ya baridi beba sweta la maana.

Kwa Wayahudi ni kati ya miji minne mitakatifu, na utamu wake ni kwamba historia yenyewe unaikanyaga kwa miguu. Hapa ndo aliishi Joseph Karo, aliyeandika Shulchan Aruch, kitabu cha sheria kinachofuatwa mpaka leo, na Isaac Luria, yule mwalimu wa Kabbalah, yaani elimu ya siri za kiroho ya Kiyahudi, wanayemwita Ari, aliyefariki 1572 na kuzikwa makaburi ya pale bondeni. Sinagogi la Abuhav usilikose, vaa nguo ya heshima, kaa kimya kidogo, angalia lile kuba lilivyochorwa.

Mtaa wa wasanii ni mzuri sana ila ujue unatembea wapi, mpaka vita vya 1948 hapo walikuwa wanaishi Waarabu, na jengo moja la maonyesho lilikuwa msikiti. Mimi naona mgeni anatakiwa aambiwe hilo kabla hajaanza kupiga picha za milango ya bluu.

Kula jibini la Hameiri, wanatengeneza tangu 1840, lina chumvi chumvi hivi, na lachuch ya Wayemeni, mkate laini wa vitundu vitundu unaofanana kidogo na chapati za maji.

Sasa ishu ni sabato. Ijumaa mchana maduka yanafungwa, mabasi yanasimama, ukija kichwa kichwa utalala njaa. Ila mimi ningekushauri uje hiyo hiyo Ijumaa, nunua chakula mapema, lipia gesti usiku mbili, simu na kamera acha chumbani, jioni nenda karibu na masinagogi usikilize wakiimba Lecha Dodi. Wayahudi dunia nzima wanaupokea usiku wa sabato kwa wimbo huo, na Shlomo Alkabetz aliutunga hapa hapa Safed.