Puli ndogo au upepo wa matairi: uanze na kipi ili gari liwe jepesi kuendesha?

Puli ni gurudumu la mkanda kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini. Ukifunga iliyo ndogo kuliko ya kiwandani, huzungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya maji na kompresa ya AC polepole zaidi, hivyo injini hubeba mzigo mdogo. Nadharia hiyo ni sahihi. Ila faida yake, nayo ndogo, huonekana zaidi injini ikizunguka kwa kasi, na foleni ya Buzuruga, Mwanza, jioni haina kasi yoyote. Hapo alteneta inachaji kidogo, taa zinafifia, na pampu inasukuma maji kivivu wakati rejeta inayahitaji sana. Kibaya zaidi, puli nyingi za krenki za kiwandani zina mpira ndani unaomeza mtetemo. Ukifunga ya alumini tupu, mtetemo huo unabaki kwenye krenki na beringi zake. Na kuifungua nyumbani kwa spana ya kawaida? Boliti inayoishika imekazwa kwelikweli.

Upepo wa matairi hauna mbwembwe. Soma kiwango kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi, jaza. Tairi laini hufanya gari liwe zito, hasa ukipanda mlima wa Bugando na abiria. Mimi ningenunua geji ya upepo kwanza. Puli niwaachie wenye magari ya mashindano.