Mashine ya kupima au mita: moduli za gari zikiacha kuwasiliana

Taa ya ABS inawaka, mshale wa spidi umelala, usukani umekuwa mzito, vyote kwa mpigo. Mafundi wengi hapa Mwanza hukimbilia mashine ya kupima, na si vibaya: hupitia moduli zote (kompyuta ndogo zinazoongoza sehemu za gari) kwa dakika chache na kutoa kodi za hitilafu zinazoanza na U. U0100, kwa mfano, ni moduli iliyopoteza mawasiliano na kontroli boksi ya injini. Kwa nini? Mashine haisemi. Ndipo watu hununua kontroli boksi ya mtumba, kumbe ni waya.

Mita ya fundi rewaya ni ya bei ndogo, na swali hilo inalijibu. Kwenye magari mengi yenye mtandao wa CAN (nyaya mbili ambazo moduli huwasiliana kupitia hizo), chomoa betri, kisha pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupima. Omu 60 ni sawa, maana vikinzani viwili vya omu 120 vimekaa sambamba. Ukisoma 120, waya umekatika au kikinzani kimoja kimekufa. Karibu na sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana.

Gari linalobeba samaki kutoka soko la Mwaloni Kirumba, mimi naanza na mita, tena chini ya kapeti. Maji ya barafu hutafuna kimyakimya soketi za nyaya zilizo huko. Mengine naanza na mashine. Ila hitilafu inayokuja na kuondoka huisumbua sana mita: hapo acha mashine isome huku mwenzako akitikisa nyaya.