Paneli nne juu ya bati letu la Katuba

Tangu mafundi wanifungie sola, mwezi wa 7 mwaka 2023, majirani wa hapa Katuba, Lubumbashi, hawaachi kuniuliza kama kampuni iliyowatuma inafaa. Kwangu imefaa, ila kuna jambo moja sijalisamehe, nitalifikia.

Fundi wao alipokuja mara ya kwanza hakutaja bei. Aliomba ngazi. Paneli moja ya wati 400 ina zaidi ya kilo 20, na mimi nilitaka nne. Akapanda, akachoma kenchi kwa bisibisi moja baada ya nyingine, kisha akaniita: "Papa, hii mbao mchwa imeisha kula." Kenchi mbili zilikuwa unga mtupu ndani ya ganda. Huku Katanga kwenye vichuguu vingi kuliko nyumba, ningepaswa kujua. Kuzibadilisha kulinigharimu dola 140 na majuma mawili ya kungoja. Fundi mwingine, mwenye bei nafuu, alikuwa ameutazama mpaa akiwa barabarani na kuandika fakitire, yaani ankara, hapo hapo.

Jambo la pili walilodai lilinikasirisha: karatasi za parseli, yaani za kiwanja. Nyumba ni ya marehemu baba yetu, na sisi watoto tuko wanne. Hawakukubali kutoboa bati bila saini za wote. Nilimpigia dada yangu nikidhani ni dakika tano, kumbe alikuwa na mpango wa kuinua nyumba iwe ya ghorofa. Tukakaa kikao kwa mama Jumapili mbili. Tuliandika kwamba paneli na batri ni zangu, bati ni letu sote. Siku nyumba ikiuzwa au ikiinuliwa, nitaziondoa na kuziba matundu kwa pesa yangu. Tulisaini mbele ya mkuu wa kartie, yaani wa mtaa. Bila kampuni ile kushikilia, leo tungekuwa tunagombana.

Miezi michache baadaye alikuja mtu akidai "taksi ya paneli", yaani kodi. Sheria ya Kongo namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia watu binafsi sekta ya umeme, nami siuzii mtu hata wati moja. Nilimwomba andiko linalotaja taksi hiyo pamoja na risiti. Hakurudi. Wekeni fakitire yenye namba za paneli mahali pa kufikia haraka.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zinatazama kaskazini. Mwembe wa jirani ulikuwa ukitupa kivuli saa tisa. Kikifunika kona ya paneli moja tu, zote zilizofungwa nayo kwa mfululizo hupungua nguvu. Jirani alikubali tukate tawi moja, nasi tukampelekea kuni zake. Waliweka pia swichi ya kuchagua, umeme wa sola au wa barabarani, ili wa kwetu usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayedhani laini imezimwa.

Sasa lile jambo. Februari 2024 radi ilipiga karibu, ondulere, mashine inayogeuza umeme wa batri uwe wa nyumbani, ikazima. Nilingoja siku 9. Walipokuja wakakuta hakuna kinga ya radi upande wa paneli, wakaifunga, wakanilipisha dola 60. Mvua za hapa zinajulikana. Kinga ile ilipaswa kuwemo tangu siku ya kwanza, na walipaswa kuilipa wao.

Friza ya mama, taa, televisheni na simu vinakesha. Pasi na jiko hatujaribu, chakula bado tunapika kwa makala, yaani mkaa. Kiangazi vumbi jekundu hufunika vioo, kwa hiyo kila majuma mawili kijana wangu huviosha alfajiri kabla havijapata moto.

Mwakani naongeza paneli mbili. Nitawaita hao hao, ila mara hii sitatoa dola hata moja kabla sijaona kinga ya radi imeandikwa kwenye fakitire.