Mwaka mmoja na Parquet: uzoefu wangu wa kuhifadhi vipimo na logi za seva

Ninasimamia seva 14 za kampuni ndogo iliyopo Kijitonyama, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikihifadhi vipimo vya seva hizo, kama matumizi ya kumbukumbu, katika Parquet, muundo wa faili unaopanga data kwa safu wima, na kuvisoma kwa DuckDB, programu ya hifadhidata. Kabla ya hapo tulitumia CSV, yaani maandishi ya kawaida yenye thamani zilizotenganishwa kwa mkato, kwa sababu ndiyo niliyoikuta na hakuna aliyewahi kuihoji. Naandika kwa ajili ya wenzangu walio mbele ya uamuzi kama huo, hasa wanaofanya kazi mahali ambapo diski mpya huombwa kwa barua tatu na umeme una ratiba yake mwenyewe.

Kilichonisukuma kubadili ni hesabu tu. Kila seva hutoa vipimo 40 kila baada ya sekunde 15, na kwa seva zote hiyo ni mistari 3,225,600 kwa siku. Mstari mmoja wa CSV, wenye wakati, jina la seva, jina la kipimo na thamani yake, kwetu ulikuwa unachukua baiti 53, kwa hiyo siku moja ilikula takriban megabaiti 170. Nilipojaribu kuandika data hiyo hiyo kwa JSON, muundo mwingine wa maandishi ambamo kila mstari hurudia majina ya sehemu zake kana kwamba msomaji ni msahaulifu, mstari ulifika baiti 99 na siku ikawa takriban megabaiti 320. Kwa Parquet, baada ya kupanga mistari kwa seva, kipimo na wakati, kisha kuibana kwa zstd badala ya snappy, mbinu ya kubana data ambayo DuckDB huitumia usipochagua nyingine, faili la siku halijawahi kufika megabaiti 20.

Nafuu hiyo inatokana na namna Parquet inavyopanga vitu. Haiandiki mstari baada ya mstari, bali hukusanya thamani za safu wima moja mahali pamoja, hivyo majina 14 ya seva huingia katika kamusi ndogo na kinachorudiwa ni namba fupi tu. Nikitaka wastani wa matumizi ya kumbukumbu ya seva moja kwa mwezi mzima, DuckDB husoma safu wima zinazohusika peke yake, na hata ndani ya hizo huruka vipande ambavyo thamani yake ya chini na ya juu, zilizoandikwa kwenye maelezo ya faili, zinaonyesha kwamba havina ninachokitafuta. Swali ambalo zamani lilinipa nafasi ya kwenda kunywa chai na kurudi, siku hizi hujibiwa nikiwa bado nimeshika kibodi. Parquet na DuckDB zote ni huria, na DuckDB haihitaji seva yake ya pembeni, jambo ambalo kwa ofisi yenye fundi mmoja si dogo.

Sasa nieleze kilichonigharimu. Miezi ya mwanzo niliandika Parquet moja kwa moja, faili moja kwa siku, likiwa wazi tangu alfajiri hadi siku ifungwe. Jioni moja, saa mbili kasoro robo, umeme ulikatika, jenereta likagoma kuwaka, na betri za dharura zikatuvusha kwa dakika chache tu. Umeme uliporudi, DuckDB ililikataa faili la siku ile. Nililichungulia baiti kwa baiti: mwanzoni herufi PAR1, alama ya faili la Parquet, zilikuwepo, lakini mwishoni, zinapotakiwa kuwepo tena, hapakuwa na kitu. Parquet huandika maelezo yake yote, yaani safu wima zipi zimo na kila kipande kinaanzia wapi, mwishoni mwa faili, tena wakati wa kulifunga. Faili lisilofungwa vizuri ni sawa na ghala lililojaa ambalo funguo zake zimetumbukia baharini. Data ya siku karibu nzima ilikuwa pale kwenye diski na sikuweza kuisoma. Katika seva ile ile, logi, yaani taarifa za matukio ambazo programu hujiandikia, zilizoandikwa kwa JSON mstari kwa mstari zilipoteza nusu ya mstari wa mwisho na si zaidi.

Sikuilaumu Parquet, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya kuandikiwa kidogo kidogo kutwa nzima. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo vipimo huandikwa kwanza kama maandishi ya kawaida, kisha siku ikishafungwa DuckDB huyageuza kuwa Parquet kwa amri moja, na faili la maandishi halifutwi mpaka faili jipya lifunguke na idadi ya mistari ilingane.

Logi zenyewe sijazihamisha, na sina mpango huo. Ujumbe wa logi ni maneno huru, na programu ikianguka humwaga maelezo ya mistari 30 ambayo JSON huyafunga yote ndani ya mstari mmoja bila kuvunjika. Isitoshe, waandishi wetu wa programu hubadilisha majina ya sehemu bila kuaga: sehemu ya muda iliyokuwa namba, Jumatatu moja iliamka ikiwa maneno yenye "ms" mwishoni. Maandishi huvumilia vurugu kama hizo, na usiku wa dharura nataka kutafuta neno moja kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, nikiwa nimeingia kutoka kwenye simu. Nimeziacha katika JSON, ninazibana kwa zstd, na zinatosha.

Suala la saa linastahili onyo lake. Mlinzi wa zamu ya usiku huandika kwenye daftari "saa 2:10 usiku", mkuu wangu husema 20:10, na seva imeandika 17:10 kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Zote tatu ni dakika ile ile. Nimehifadhi UTC ndani ya mafaili na kuyakata usiku wa manane wa UTC, ambao hapa Dar es Salaam ni saa tisa usiku, wakati hata daladala zimelala. Ukitaka matukio ya siku moja ya hapa nyumbani ni lazima ufungue mafaili mawili, na mara ya kwanza nilisahau hilo, nikatoa ripoti iliyokosa saa tatu za mwanzo wa siku.

CSV haijaondoka kabisa, kwa sababu dada wa uhasibu anahitaji kitu kinachofunguka kwenye Excel. Mwanzoni nilimpa faili zima la vipimo vya siku, akaniambia, "Kaka, hili faili lako limeishia katikati," na kweli, Excel hukomea mstari wa 1,048,576. Siku hizi nampa muhtasari wa kila saa tu. Orodha za miamala ninampa zikiwa tayari ni jedwali la Excel lenye safu wima zilizowekwa kuwa maneno, kwani akifungua CSV namba za simu hupoteza sifuri ya mwanzo, na namba ndefu za miamala hubadilika kuwa sifuri baada ya tarakimu ya 15.

Kwa vipimo naipa Parquet nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ilibaki ndani ya faili lile la jioni ya giza, ambalo bado ninalo kwenye diski ya akiba.