Ustawi wa Jamii, siku ya kwanza nilipompeleka mwanangu

Safari hii niliiahirisha miaka 2. Nilijua Ustawi ni mahali wanapokwenda wazazi waliogombana kudaiana matunzo. Mimi mwanangu ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo, na nilichotaka ni mtu wa kunionyesha njia: shule, kiti mwendo, mazoezi ya viungo ambayo nauli yake inanishinda. Jirani ndiye aliyenisukuma nipige 116, namba ya msaada kwa watoto. Simu ile ni bure. Wakaniuliza nakaa wapi, wakanielekeza ofisi ya halmashauri yetu.

Mapokezi nilikwama. Niliulizwa barua ya serikali ya mtaa kabla sijafungua mdomo kueleza shida. Mtoto wa miaka 7 nimembeba mgongoni tangu kituo cha daladala, halafu nirudi? Afisa alisikia, akatoka mwenyewe. "Shikamoo mama. Pita, barua utaileta siku nyingine."

Alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Akamuuliza mwanangu jina, akasubiri, ndipo akanigeukia mimi. Nikajibu nilivyozoea kujibu: "Huyu hajiwezi, dada."

Kalamu ikasimama. "Hawezi nini, mama? Niambie kimoja kimoja."

Hatembei. Hasemi.

"Akitaka maji je?"

Bado natafuta jibu, mwanangu alikuwa ameshakikazia macho kikombe kilichokuwa mezani. Dada yule akaliona. Akaandika: akitaka maji hutazama kikombe. Akauliza akikasirika anafanyaje, nani humtuliza upesi (babu yake), usiku analala saa ngapi. Mwisho akanisomea yote. Alipofika pale alipoandika kwamba baba ametutelekeza nikamkatiza: hakutukimbia, yuko machimboni Geita, akipata hutuma. Akakata mstari ule, akaandika upya, wala hakununa. Fomu za hospitali nimejaza nyingi mno, na sikumbuki hata moja iliyouliza mwanangu anaweza nini.

Kiti hakuniahidi. Alisema wazi kwamba maombi ya vifaa huchukua muda, ila ndani ya wiki 2 atafika nyumbani. Alifika siku ya 11, akapima upana wa mlango wetu kwa futi kuona kama kiti mwendo kitapita.

Kinachoniuma ni faragha. Chumba ni kimoja, meza 3. Nyuma yangu binti mdogo alikuwa akieleza jambo zito kwa sauti ya kunong'ona, na sote tulisikia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeikabidhi halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto. Basi iwape maafisa hawa walau chumba kimoja chenye mlango unaofungwa. Yule binti sijamsahau.

Ukienda, wahi asubuhi, beba kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na mtoto nenda naye. Mimi nilikaribia kumwacha wangu kwa jirani, na kile kikombe kisingeandikwa.