Programu ya mauzo ya dukani kwetu: nyota tatu, na sababu ni vitufe

Ninauza spea za bodaboda hapa Arua, Uganda. Tangu Januari tunaandika mauzo kwenye programu ya maandishi matupu: skrini nyeusi, hakuna kipanya. Kijana aliyetutengenezea aliiweka kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, ndani ya kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala stoo.

Ni nyepesi, na mikono ikishazoea huitazami kibodi tena. Namba ya spea, Tab, idadi, Enter. Mteja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, akitaka plagi tatu za Boxer na cheni, risiti inatoka kabla hajamaliza kuhesabu noti zake.

Lakini wiki ya kwanza nilibonyeza Ctrl+S nikidhani nahifadhi, kama nilivyozoea kwenye Word. Skrini ikaganda. Nikabonyeza kila kitu, mwisho nikachomoa waya ukutani na mauzo ya asubuhi yakaenda. Kumbe mashine ilikuwa nzima! Kwenye terminali, yaani skrini hii ya maandishi matupu, Ctrl+S ni amri ya zamani ya kusimamisha maandishi, na Ctrl+Q huyaachilia. Sasa nimebandika karatasi juu ya skrini: IKIGANDA, CTRL+Q. Karatasi ya nini, wakati mstari mmoja tu wa amri, stty -ixon, ungeizima tabia hiyo?

Esc nayo ilikuwa inanitesa. Ukiibonyeza kuondoka kwenye dirisha, unangoja sekunde nzima. Nilimpigia kijana, akanieleza kwamba mshale wa juu hutuma Esc, halafu bano la mraba, halafu A; kwa hiyo programu ikiona Esc inasubiri kwanza kama kuna kinachofuata. Ncurses, mkusanyiko wa kodi tayari aliotumia kujengea programu, husubiri milisekunde 1,000 usipoubadilisha muda huo. Akaushusha hadi 25, na Esc ikawa inaitika papo hapo.

Nikamwomba basi Ctrl+I iwe ya kuingiza mzigo mpya. Akacheka: "Dada, hiyo ndiyo Tab yenyewe." Nikajaribu, na kweli, alama ya kuandikia ikarukia kwenye idadi.

Kinachoniudhi hadi leo: F8 inachapisha risiti, F9 jirani yake inafuta mauzo yote, bila hata kuuliza. Na vidole vyetu vina grisi! Jumamosi changu kiliteleza, mzee wa watu akabaki amesimama na tyubu mkononi huku nikimwandikia upya vitu kumi na kimoja. Kijana ameahidi kuhamishia amri ya kufuta kwenye F12 na kuweka swali la N au H. Siku nikiliona swali hilo, nitaongeza nyota ya nne.